Kibonge Hajambo

Fomu ya kuomba uraia ilikuwa na kurasa ishirini na mbili, na binti yao alikuwa ameshazijaza zote kwa penseli, isipokuwa swali la kumi na tisa. Hilo alikuwa amelizungushia duara.

Baba yake alimwita Karani tangu akiwa darasa la sita, alipoanza kuwajazia majirani wa jengo zima fomu zao za shule, za hospitali na za mita ya umeme. Alikuwa na mwandiko ulionyooka na mdomo usiochoka. Jioni hiyo alikuwa amekalia kiti cha baba yake na kutandaza karatasi meza nzima mpaka kwenye birika la chai. Wazazi wake walikaa mbele yake kama watu walioitwa na mwalimu mkuu.

"Swali la kumi na tisa," alisoma. "Orodhesha watoto wako wote, walio hai na waliofariki, walio ndani ya nchi na walio nje. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani ya sasa, kazi. Mimi nimeshajiweka. Nataka anuani ya Kaka."

Mama yake alikuwa anamenya viazi. "Andika kwa bibi yake."

"Mama, kwa bibi yake si anuani. Mtaa gani? Sanduku gani la posta?"

"Kule wanamjua wote. Andika hivyo hivyo."

"Ala! Kwa hiyo serikali imtafute kwa kuuliza njiani?" Karani alicheka, na baba yake naye akacheka, maana kutocheka kungekuwa sawa na kusema kitu. Yeye alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, mtu mpole mwenye makovu ya mvuke mikononi, na kwa miaka kumi na minane alikuwa hodari wa kuacha mambo yapite.

"Sikilizeni," Karani aliendelea. "Nimebakiza miezi minne nitimize kumi na nane. Mkipata uraia kabla ya hapo, na mimi naingia humo humo. Nikishavuka, naanza ombi langu peke yangu; hiyo moja. Mbili, raia anaruhusiwa kumwita ndugu yake. Kila mwaka mnaniambia kadi ya ukaazi wa kudumu hairuhusu. Haya, sasa itaruhusu. Tunamleta Kaka."

Akageuza ukurasa wa mwisho. "Ila hapa wameweka onyo kwa wino mzito. 'Kabla ya kuomba, pima hatari zako. Ombi lako litafungua faili lako lote tangu siku ya kwanza.' Ndiyo maana nimewaandikisha kwa mshauri wa sheria. Ni bure. Jumamosi, saa nne asubuhi."

Baba alimtazama mkewe. Viazi vilikuwa vimekwisha kitambo kwenye bakuli, na yeye alikuwa anakimenya upya kiazi kilichokwisha kumenywa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mshona mapazia wa ghorofa ya chini, amekuja kurudisha ungo. "Mama Kibonge, hamjambo humu? Na Kibonge hajambo huko aliko?"

"Hajambo," alijibu Mama Kibonge, kama alivyojibu siku zote. "Anakusalimu."

Kibonge alikufa akiwa na miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku mbili, katika kituo cha mpakani, wakiwa kwenye foleni ya kuandikishwa, majina yao watatu yameshaorodheshwa langoni. Walimzika alfajiri nyuma ya uzio, na mchana wa siku hiyo hiyo wakaitwa mezani. Karani alikuwa bado tumboni. Foleni ile ilikuwa na bwana mmoja wa kofia ya sufu, mjuaji wa kila kitu, na ndiye aliyewanong'oneza, kwa nia njema kabisa, kwamba faili likishafunguliwa halitakiwi kuguswa. Familia ikibadilika idadi inarudishwa mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni ni miezi tisa. Semeni bibi yake amekuja kumchukua, aliwaambia, mtamfuata baadaye. Wakasema hivyo.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha, na mvuke wake ulimfanya kila mtu aonekane amelia. Baba Kibonge alipitisha shuka kwenye mashine ya pasi. Upande wa pili zilipokelewa na kukunjwa na mzee mmoja waliyembatiza Raia, kwa sababu alipopata uraia alitembea na pasipoti mfukoni mwezi mzima akiwaonyesha watu hadi kwenye foleni ya maji.

Kulikuwa na jambo moja kati yao ambalo halikuwahi kuzungumzwa. Kila lilipoletwa toroli la wodi ya watoto, zile shuka fupi fupi, Baba Kibonge alilisukuma upande wa pili, na Raia akaja kuzipitisha mwenyewe. Miaka kumi na moja, na Raia hakuuliza.

"Hivi ukiomba," Baba Kibonge alisema siku hiyo, macho kwenye mashine, "faili wanalifungua lote kweli?"

"Lote! Mimi waliniuliza habari za mbuzi."

"Mbuzi?"

"Siku ya kwanza naandikishwa nilisema nimeacha mbuzi sita. Nilitaka tu waone sikuwa mtu wa hivi hivi. Miaka ishirini imepita, kijana wa watu ananikazia macho, 'Mzee, wale mbuzi sita ulimwachia nani?' Nikatokwa jasho! Mbuzi wenyewe walikuwa wawili, tena wa shemeji."

Baba Kibonge alicheka, kisha akauliza kama mtu asiyejali, "Na mtu akikutwa alisema uongo?"

"Inategemea uongo. Wa mbuzi wanasamehe. Wa watu hawasamehe." Raia alikunja shuka pembe kwa pembe. "Unamkumbuka yule fundi bomba mrefu? Alificha mke. Uraia alikosa, hilo dogo. Wakamnyang'anya na kadi. Na watoto walioingia kwa kadi yake wakafuata, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho." Akamwangalia mwenzake. "Mbona unaipiga pasi shuka hiyo mara ya tatu? Wewe una nini cha kuficha, mtu mwenyewe hata kuchelewa kazini huwezi?"

"Sina kitu," alisema Baba Kibonge, akaisukuma shuka ile upande wa pili. Hakujihofia yeye. Aliona kadi ya Karani, ile yenye picha ya nywele zilizotimka, ikichukuliwa kutoka mkononi mwake na mtu asiyemjua.

*

Ijumaa alasiri alimfuata mkewe juu ya paa, alikokuwa akianua nguo.

"Tusiende kesho," alisema.

Mkewe aliendelea kutoa vibanio, anaviweka mdomoni.

"Kadi tunayo. Kadi inatosha. Watu wanazeeka na kadi, wanazikwa na kadi. Nani katulazimisha uraia?"

"Karani utamwambia nini?"

"Nimeghairi. Baba hawezi kughairi?"

"Atakuuliza kwa nini, na ukimjibu atakuuliza tena. Kama humjui mwanao, mimi namjua." Alitoa vibanio mdomoni. "Kwani kosa la nani? Mkono uliojaza fomu zote za kadi ni wako, Karani hukumwachia hata moja."

Hilo lilimchoma. "Nimeandika ulichonitajia! Kadi ya kwanza ilipokwisha muda, tulipoulizwa habari za mtoto aliye nje, nani alisema darasa la tatu? Ya pili, nani alisema anajifunza kazi? Ya tatu nikakusihi, mama wee, tuseme tu hajulikani alipo, yaishe. Ukakataa. Ukasema seremala."

"Seremala ni kazi nzuri," alisema mkewe.

Alisema kwa sauti ya mama yeyote anayemsifu kijana wake, na Baba Kibonge akahisi baridi juani. Alikumbuka siku moja alivyomkuta kwenye duka la fanicha, anapapasa ukingo wa meza, anatabasamu peke yake. Alimwogopa mkewe kidogo, akamwonea huruma sana, na hakujua kipi kianze.

"Mke wangu. Mimi ndiye niliyechimba."

"Najua uliyechimba." Alikumbatia nguo. "Nikishasema hayupo, mimi ni nani hapa? Jengo zima linaniita kwa jina lake. Kila siku kuna mtu ananiuliza hajambo. Siku wakiacha kuuliza, ndiyo atakuwa amekwenda."

Walishuka bila kuelewana, mume nyuma, akiokota soksi zilizodondoka.

*

Ofisi ya mshauri ilikuwa juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilipanda na wageni hadi mlangoni. Viti vilikuwa viwili vya kawaida na kimoja cha watoto wa shule. Baba Kibonge aliwahi hicho cha watoto ili asionekane anachagua, akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Mshauri, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa juu ya nywele, aliomba radhi kwa viti, kisha akachora karatasi sehemu mbili. Upande mmoja aliandika salama, upande wa pili hatari.

"Tunachofanya leo ni kupima tu," alisema. "Hamjaomba kitu. Na linalosemwa humu halitoki humu. Mmewahi kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita?"

"Hata siku moja," alidakia Karani.

"Kodi?"

"Wanamkata kwenye mshahara. Risiti hizi hapa, kwa mwaka."

"Kukamatwa? Kushtakiwa?"

"Baba alitozwa faini ya kuvuka barabara pasipo alama."

Mshauri alicheka, akaiandika upande wa salama. Upande wa hatari ulikuwa mweupe, na Karani aliutazama kwa fahari kama daftari lililosahihishwa.

"Basi tuje kwenye faili." Mshauri alivuta bahasha nene, na hapo ndipo Baba Kibonge alipotambua ile karatasi aliyotia saini mwezi uliopita bila kuisoma, Karani akimharakisha, ilikuwa ruhusa ya mshauri kupewa nakala ya faili. "Watoto wawili. Wa kwanza wa kiume. Kwenye usajili ana miaka minne, amechukuliwa na bibi yake. Kisha miaka tisa, darasa la tatu. Miaka kumi na minne, anajifunza kazi. Miaka kumi na tisa..."

"Seremala," alisema Karani. "Sasa hivi ana ishirini na mbili."

"Vizuri. Huyu ni mtu mzima, kwa hiyo nitahitaji anuani yake, picha ya karibuni na saini yake mwenyewe. Namba yake ya simu mnayo? Tunaweza kumpigia hata sasa."

Chini dukani mtu alikuwa anagongagonga kopo.

"Tumeghairi," alisema Baba Kibonge kutoka kwenye kiti chake kifupi. "Samahani kwa kukupotezea muda, mama. Kadi inatutosha."

"Baba!"

"Ni haki yenu," mshauri alisema polepole. Alishusha miwani, akawatazama wote wawili. "Ila mjue kinachofuata. Kadi zenu zitaisha baada ya miaka miwili, na swali hili litarudi. Na huyu binti, miezi minne tu, atakuwa anaomba kwa jina lake. Fomu yake inauliza ndugu zake. Hapo atakayeapa ni yeye."

"Mimi sina shida," alisema Karani, akimtolea baba yake macho. "Nitaapa hata leo. Nina kaka mmoja, ni seremala, anaishi kwa bibi. Kuna ubaya gani?"

Baba Kibonge aliinamisha kichwa. Ukurasa wa kwanza wa faili ulikuwa karibu na uso wake, na pale chini kulikuwa na alama za vidole. Za mkewe zilikuwa safi. Zake zilikuwa na mabaka na michirizi. Mshauri aliona anapotazama.

"Hizo zako hazikutoka vizuri. Nafikiri wino wao ulikuwa mbovu."

Siku ile ofisa wa mpakani alimwambia, futa mikono, bwana, unachafua karatasi. Naye alifuta kwenye suruali, akafuta tena, na bado haukutoka wote kwenye kucha.

"Ni udongo," alisema.

"Udongo wa nini?" aliuliza Karani.

Baba Kibonge alimgeukia mkewe, si kwa kumlaumu, bali kwa kumwomba. Mama Kibonge alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, macho kwenye ile karatasi yenye umri wa mwanawe.

"Ana miaka minne," alisema.

"Mama, hapa imeandikwa..."

"Ana miaka minne. Alikuwa na homa. Aliomba maji, nikamwambia subiri foleni isogee." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Ana miaka minne, mama. Hajawahi kuzidisha."

Karani alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa na umeme, kisha akaacha. Akamtazama baba yake. Akatazama mikono ya baba yake.

Walisimulia yote, hadi bwana wa kofia ya sufu. Mshauri hakuandika. Walipomaliza alivua miwani, akaifuta bila sababu.

"Kuna jambo sipendi kulisema, lakini mtalisoma siku moja mahali, ni afadhali mlisikie kwangu. Hakukuwa na kurudishwa mwisho wa foleni. Mtoto akifariki walikuwa wanapiga mstari mmoja na kutia saini. Dakika tano."

Mama Kibonge alitoa sauti ambayo Baba Kibonge aliisikia mara moja tu maishani mwake, alfajiri ile.

"Uongo huu haukuwapa kitu," mshauri aliendelea. "Hamkuchukua posho kwa jina lake, hamkumwingiza mtu kwa jina lake. Hilo linawasaidia. Lakini siwaahidi. Nimeona aliyesema kweli akasamehewa, na nimeona aliyesema kweli akanyang'anywa kila kitu. Mkinyamaza mna hatari, mkisema mna hatari. Rudini nyumbani, msinijibu leo." Upande wa hatari aliandika neno moja tu, mtoto.

*

Karani alitembea mbele yao mitaa mitatu bila kugeuka. Kwenye taa za barabarani alilazimika kusimama.

"Nilikuwa najirekodi kwenye simu yako," alimwambia mama yake, bado amewapa mgongo. "Tangu mdogo. Kaka, nimepasi. Kaka, nimeng'oka jino. Unasema jirani wa bibi akipiga, utamsikilizisha Kaka. Na kila mara unaniletea salamu. Kaka anasema hongera. Kaka anasema usimwogope mwalimu wa hesabu. Zile salamu zilikuwa za nani?"

"Zangu," alisema mama yake.

"Mmenifanya mjinga."

"Ndiyo," alisema Baba Kibonge, kwa kuwa lilikuwa kweli, na hakuwa na jingine la kumpa.

Taa iligeuka kijani. Hakuna aliyevuka. Watu waliwapita kushoto na kulia, mmoja akasonya. Kisha Karani akarudi nyuma hatua moja, akachukua mkoba uliokuwa unamteleza mama yake begani, akaubeba yeye. Hakusema amesamehe. Hakuwa amesamehe.

Kwenye ngazi za jengo walimkuta mshona mapazia na ndoo yake ya maji. "Mama Kibonge! Mmetoka wapi mmependeza hivyo? Kibonge hajambo?"

Baba Kibonge alifungua mdomo kumsaidia mkewe, kama siku zote. Mkewe alimzuia kwa mkono.

"Kibonge alikufa," alisema. "Zamani. Alikufa siku nyingi, jirani, nilikuwa nakudanganya."

Mshona mapazia hakuuliza lini wala kwa nini. Alitua ndoo, akamshika mkono, akamkalisha kwenye ngazi, akakaa naye. Hapo ndipo Mama Kibonge alipolia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya milango ya watu, na waliokuwa wanapanda walisimama, na waliokuwa wanashuka walisimama, na kila aliyefika aliambiwa kwa kunong'ona kwamba amefiwa na mwanawe. Wengine walileta viti. Baba Kibonge alisimama ukutani, akipokea pole moja baada ya nyingine, na aliona aibu, na aliona nafuu, na alitamani wasiondoke.

*

Jioni Karani alikaa tena kwenye kiti cha baba yake. Alikuwa amefuta penseli yote ya ukurasa ule na kupuliza vumbi la ufutio. Safari hii alishika kalamu ya wino.

"Wanaweza kuchukua kadi zetu," alisema. "Zote tatu. Mmesikia, sivyo? Na mimi nina mtihani mwaka huu."

"Nimesikia," alisema baba yake. "Ukisema tusiombe, hatuombi. Ila kiapo kile cha uongo sikuachii wewe. Afadhali waninyang'anye mimi."

Karani aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalikuwa yamevimba. Kisha akainamia karatasi.

"Swali la kumi na tisa. Watoto mliozaa?"

"Wawili," alisema mama yake.

"Walio hai?"

Mama Kibonge alinyoosha mkono juu ya meza, akamgusa binti yake kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama anahakikisha. "Mmoja. Wewe."

Karani aliandika. Kalamu ilikwama kidogo, ikaendelea. "Wa kwanza. Wameacha nafasi ya anuani. Kwa aliyefariki wanataka mahali alipozikwa."

"Kituoni," alisema Baba Kibonge. "Nyuma ya uzio. Kuna bomba la maji pale kwenye kona. Ukianzia bombani unahesabu nguzo. Ni nguzo ya tatu."

"Ya nne," alisema Mama Kibonge. "Nilizihesabu."

Karani akaandika ya nne.